Ukurasa Aliokatazwa Kuupiga

"Hii ya kwanza usiipige," Bwana Gordon alisema, akauchomoa ukurasa wa juu kutoka kwenye bunda na kuutupa kando ya taipureta. "Anza na ya pili. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, andika: Kimeandaliwa na Gordon Ogweno, Mkuu wa Idara ya Maabara."

Kageha alikuwa na wino mpaka kwenye viwiko. Asubuhi ile mashine ya kurudufu ilikuwa imemeza karatasi tatu na kuzitema zimekunjamana kama majani ya sukumawiki yaliyochemshwa, naye alikuwa amepiga magoti mbele yake akiichokoa tumbo kwa rula. Alijifuta kwa kitambaa, akanyanyuka, akalipokea bunda kwa mikono miwili, jinsi alivyopokea kila kitu alicholetewa na wakubwa.

"Yote, Mwalimu?"

"Yote. Kurasa themanini na mbili, pamoja na michoro. Nataka kila mwanafunzi wa mwaka wa pili awe nacho."

"Wagawiwe?"

Bwana Gordon alicheka kwa pua. "Wanunue, Mama. Hii ni kazi ya mtu."

Akaondoka, viatu vyake vikiacha vibonge vya tope sakafuni. Ilikuwa Januari ya mwaka 1998. Mvua kubwa za El Niño zilikuwa zimeigeuza barabara ya kutoka Mamboleo hadi lango la chuo kuwa uji mzito, na kila aliyeingia katika kichumba cha Kageha, nyuma ya stoo, aliingia na kipande cha barabara.

Kageha alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kichumba kile. Alitoka Maragoli akiwa msichana aliyefika kidato cha pili na kurudishwa nyumbani. Akajifunza kupiga chapa katika ukumbi wa kanisa, akapata kazi chuoni, akapanga chumba Manyatta, na hapo maisha yake yakasimama kama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Hakuna aliyemfundisha lolote kuhusu maabara. Lakini mtu hawezi kupiga chapa noti za damu, za kinyesi, za makohozi na za maji ya ziwa miaka kumi na minne, herufi baada ya herufi, asijue zinasema nini. Vidole vyake vilijua kozi nzima. Vidole hivyo hivyo havikuwa na cheti.

Aliuokota ule ukurasa aliokatazwa. Nyuma yake palikuwa na barua iliyobanwa kwa pini, na mwandiko wa barua aliutambua kabla ya kusoma jina. Ulikuwa wa Tom, mwanafunzi wa zamani kutoka Sondu aliyekuwa akija dirishani kwake kuomba karatasi zilizoharibika ili aandikie mgongoni. Tom alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Aliandika kwamba walimu wa chuo kikuu cha huko walikuwa wameyaweka masomo yao katika mtandao wa kompyuta, wazi kabisa, na mtu yeyote duniani aliruhusiwa kuyachukua. Kwa kuwa Kisumu mtandao huo ulikuwa bado hadithi ya magazetini, yeye alikuwa ameyachapa yote karatasini na kuyatia posta. *Wapeni wenzangu,* alimalizia.

Kisha Kageha akausoma ukurasa wenyewe. Ulikuwa kwa Kiingereza, mistari michache katikati ya weupe mwingi. Ulisema kwamba masomo haya ni ya yeyote anayeyahitaji. Anakili, afundishie, ampe mwenzake. Akiona kosa, alisahihishe na aandike jina lake, ili wanaofuata wamjue. Asiyauze.

Aliusoma mara mbili. Halafu akatazama mlango ambao Bwana Gordon alikuwa ametokea. Mtu yule hakuuficha ukurasa. Hata barua hakuichomoa. Aliviacha vyote viwili mezani mbele ya macho yake, kama vile mtu anavyoweza kubadilisha shati mbele ya ng'ombe. Katika miaka kumi na minne haikuwahi kumpitia akilini kwamba mpiga chapa husoma.

Na Kageha akafanya nini? Akautia ukurasa na barua chini ya boksi la stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, akaingiza stensili mpya katika taipureta, na akapiga: KIMEANDALIWA NA GORDON OGWENO. Hilo ndilo alilolifanya. Baadaye, kila alipolikumbuka, ulimi ulimwasha.

Kazi ile ilimchukua wiki tatu. Maandishi aliyakata kwa taipureta. Michoro aliikata kwa kalamu ya chuma, stensili ikiwa imelazwa juu ya kioo chenye balbu chini yake, mkono ukifuata kila mstari polepole ili nta ikatike bila utando kuchanika. Vitabu vilipokuwa tayari, Bwana Gordon alikuja na mhuri wa idara. Kila kitabu kilipigwa mhuri na kuandikwa jina la aliyekinunua.

Si wote walionunua. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameziba ufuo wote wa Kisumu kama zulia la kijani lililotandazwa na mtu mwenye kisirani. Mashua za Dunga zilikaa nchi kavu, na akina mama wauza visamaki vya omena walikunja mikono. Wanafunzi waliotoka katika nyumba hizo waliazima vitabu vya wenzao na kunakili kwa mkono.

Mmoja wao alikuja dirishani siku moja ya Februari. Alikuwa msichana mrefu, mabega yamenyooka, na alibeba madaftari matatu yaliyofunikwa kwa gazeti.

"Mama, samahani. Naitwa Lornah, mwaka wa pili. Ukurasa ya arobaini na moja, hizi mayai mbili zimebadilishana majina."

"Mayai gani?"

"Ya kichocho." Akafungua daftari na kuliweka kwenye kizingiti cha dirisha. "Yai ya kichocho cha tumbo, mwiba yake iko ubavuni. Ile ya kichocho cha mkojo, mwiba iko mkiani. Kitabu inasema kinyume."

"Nani amekwambia?"

"Macho yangu, Mama. Jana nimeona kwa hadubini, choo ya mtu wa kwetu Dunga. Mwiba ubavuni, hivi." Alichora hewani kwa kidole.

Kageha alitazama daftari badala ya kidole. Michoro ya msichana yule ilikuwa imechorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, na mayai yale yalionekana kama vitu vilivyo hai, vinavyongoja. Yake mwenyewe, katika kitabu, yalikuwa kama maharagwe. Alilichomoa bunda la Tom kutoka kabatini, akafunua. Msichana alikuwa amesema kweli. Sasa alikumbuka: siku ile stima ilipotea, balbu ikazimika chini ya kioo, na iliporudi alichora yai la pili mahali pa la kwanza.

"Ni mkono wangu," alisema. "Kosa ni langu. Asante, mwanangu. Nitamwambia Mwalimu turekebishe."

Alikwenda na furaha, mjinga wa watu. Alidhani anapeleka zawadi.

Bwana Gordon alisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye gazeti. "Nani ameliona hilo kosa?"

"Msichana mmoja wa Dunga. Lornah."

"Ana kitabu?"

"Amenakili kwa mkono, Mwalimu. Lakini amenakili vizuri kushinda..."

Hapo ndipo uso ulipoinuka. "Kitabu kimeshapigwa mhuri, Mama. Kina jina langu. Kitabu changu hakina makosa."

"Lakini kosa si lako, ni langu. Nikipaka dawa ya kusahihishia juu ya majina yale mawili na kuyapiga upya, ni kazi ya dakika kumi. Mwanafunzi akienda kazini na kosa hili kichwani..."

"Kageha." Alilitaja jina lake kama mtu anayefunga mlango. "Kazi yako ni kupiga. Sasa chukua kalamu, uandike tangazo."

Tangazo lile alilipiga kwa mikono yake. Lilisema kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia katika mtihani wa vitendo bila kitabu chenye mhuri wa idara na jina lake mwenyewe. Lilisema kwamba nakala za mkono ni wizi. Alipofika kwenye neno hilo vidole vilisita juu ya vibonye, vikasita, halafu vikaendelea. Vidole vya mtu aliyezoea kutii vina akili yao.

Mtihani ulikuwa Jumanne ya pili ya Machi.

Kutoka dirishani kwake Kageha aliuona mstari wa makoti meupe mbele ya maabara. Aliwaona wakiingia mmoja mmoja, kitabu mkononi. Aliwaona wengine wakisimamishwa na kuwekwa kando ya ukuta: wawili, watano, tisa, kumi na mmoja. Bwana Gordon alipita mbele yao na boksi lililokuwa na chaki zamani, na kila mmoja akatakiwa kutia daftari lake humo. Msichana mrefu alikuwa wa mwisho. Aliyashika madaftari yake matatu kifuani kwa muda, kisha akayaweka ndani taratibu, moja, moja, moja, kama mtu anayelaza watoto.

Mfagiaji alilichukua boksi kuelekea jikoni.

Kageha aliacha mashine ikizunguka na kutoka mbio. Alikata kona ya stoo, akaruka mtaro, akafika jikoni akihema. Mpishi alikuwa amesimama na mti mrefu wa kuchochea, mbele ya jiko kubwa la kuni lililopikia maharagwe ya chuo kizima.

"Ni amri, Mama," mpishi alisema kabla hajaulizwa, na hakumtazama.

Karatasi ya daftari huungua haraka. Gazeti la jalada lilikuwa limekwisha kuwa jeusi na kujikunja. Ukurasa mmoja ulijifunua wenyewe kwa joto, kama kwamba kuna mtu asiyeonekana anayeusoma, na kwa nukta moja Kageha aliona mstari wa penseli, duara refu lenye mwiba ubavuni. Halafu moto ukalamba.

Alirudi akitembea. Lornah alikuwa amesimama nje ya dirisha lake, mikono mitupu. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Mama, ni wewe ulimwambia jina yangu?"

"Ni mimi."

"Sawa," alisema Lornah. Akageuka, akaifuata barabara ya matope kuelekea langoni, koti jeupe likiwa limekunjwa chini ya kwapa.

Kageha aliingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Hakuwahi kuufunga kwa komeo mchana tangu aajiriwe. Kitu kilimpanda, na safari hii hakikutaka kumezwa. Miaka kumi na minne alikuwa amekimeza. Alikimeza walipomwita "wewe wa mashine". Alikimeza walipomfundisha mbele ya wageni jinsi ya kusema asubuhi njema. Alikuwa amelipiga neno wizi kwa vidole vyake, kwa amri ya mwizi, dhidi ya watoto waliofanya hasa kile walichoruhusiwa kufanya na waliokiandika kitabu.

Alivuta ule ukurasa kutoka chini ya boksi, akatia stensili, akaanza kupiga. Alipiga kama anayepigilia misumari. Aliposhika stensili juu ya mwanga aliona upuuzi alioufanya: kila herufi o ilikuwa imekatika nzima nzima na kudondoka, na kila a ilikuwa na shimo. Ukipiga taipureta kwa hasira, stensili hutoboka kama chekecheke, na wino hupita pote. Aliikunja, akaitupa. Akakaa. Akatoa stensili nyingine, akainyoosha kwa viganja.

Kisha akapiga upya, kwa vidole vyepesi. Hasira haikuwa imepungua hata tone. Alikuwa ameifunga tu nira, kama ng'ombe wa jembe. Aliupiga ukurasa wote kama ulivyokuwa, kwa Kiingereza chake, na chini yake akaupiga tena kwa Kiswahili. Alikata jalada jipya lisilo na jina la mtu. Akachukua stensili ya ukurasa wa arobaini na moja iliyokuwa imening'inizwa kabatini pamoja na zote themanini na mbili, akayapaka majina mawili ile dawa nyekundu ya kusahihishia, akaipuliza mpaka ikakauka, akayapiga majina mahali pake. Chini ya mchoro akaongeza mstari mmoja, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulikuwa umeagiza hivyo:

*Kosa lilifanywa na Kageha, mpiga chapa. Lilionwa na kusahihishwa na Lornah wa Dunga.*

Wino wa chuo angeweza kuutumia, na karatasi za chuo pia. Zilikuwa pale, rimu kwa rimu. Hakuzigusa. Alijua neno watakalolitafuta, na hakutaka walipate. Alizifunga stensili katika gazeti, akatoka langoni saa nane mchana mbele ya askari, akapanda nyuma ya baiskeli ya boda boda pale Mamboleo, akashuka mjini mbele ya duka la Hiram Gichuki.

Hiram aliuza kalamu, bahasha na stensili, na katika chumba cha nyuma alirudufu programu za mazishi na kadi za harambee. Alikuwa mzee mkavu kutoka Nyeri aliyeishi Kisumu muda mrefu hata akawa anahesabu kwa Kijaluo. Kwa Kageha alikuwa mtu wa maneno machache: wino, nta, kwaheri.

"Mzee, nataka mashine yako mpaka jioni. Na karatasi, zozote zenye mgongo safi."

Hiram alifungua gazeti, akaziona stensili. "Umeiba?"

"Soma hiyo ya juu."

Aliinyanyua ile stensili kuelekea mlangoni, mwanga ukapita katika herufi. Alisoma midomo ikicheza. Alipomaliza akairudisha juu ya zile nyingine.

"Na huyo mkubwa wenu alikuwa anauza hii?"

"Anauza. Na leo amechoma za walionakili."

"Amechoma," Hiram alirudia. "Karatasi imeandikwa, mtu anachoma." Kwa mtu aliyeishi kwa karatasi hilo lilikuwa kama kusikia mtu amemwaga unga barabarani. Akaelekea nyuma, akarudi akisukuma kwa mguu mzigo uliofungwa kamba. Zilikuwa picha za uchaguzi wa Desemba, za mgombea aliyeshindwa na asiyerudi kuzichukua: mwanamume mnene mwenye tai, akitabasamu, mara elfu kadhaa. "Mgongo yake ni safi," alisema. "Huyu bwana aliahidi elimu. Wacha afanye kazi."

Wakazikata kwa kisu kikubwa cha duka, nne kwa kila picha, hivyo kwamba nyuma ya kila ukurasa wa kitabu palibaki ama jicho, ama tai, ama nusu ya tabasamu. Hiram alilisha karatasi, Kageha akazungusha mpini. Alizungusha mpaka bega likawaka moto, na kila mzunguko alimwona mpishi na mti wake, na gauni lake likawa limelowa jasho mgongoni, naye hakutaka kupumzika. Duka lilipofungwa walikuwa na vitabu sitini vilivyobanwa kwa pini.

Asubuhi ya Jumatano, kabla ya kengele, Kageha alisimama nje ya lango la chuo, upande wa barabara ya serikali, mzigo ukiwa juu ya kigoda. Kila aliyepita alipewa. Waliokuwa na kitabu cha mhuri walipewa, wasiokuwa nacho walipewa, askari wa lango alipewa. Hakuhubiri. Alisema tu, "Soma ya kwanza," na wakaisoma wakiwa wamesimama, matope yakiwafika vifundoni, na kimya kikaanza kusambaa kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kilipokwisha kusambaa kikageuka kelele.

Bwana Gordon alikuja bila koti. "Nani amekupa ruhusa?"

Kageha alimpa kitabu. "Walioyaandika masomo haya, Mwalimu. Wameandika wenyewe. Ni ule ukurasa wewe ulisema nisiupige."

"Nitakuonyesha wewe ni nani."

"Najua mimi ni nani. Jina langu liko ukurasa wa arobaini na moja. Lako ndilo sijaliona popote."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wengi. Uso wa Bwana Gordon ukawa wa rangi ya majivu. Alikirarua kitabu vipande viwili, akavitupa matopeni. Na mwanafunzi mmoja akainama, akaviokota, akavifutia kwenye suruali yake na kuvipanga sawasawa.

Saa nne waliitwa wote wawili mbele ya Mkuu wa chuo. Bi. Nakhungu alikuwa mwanamke wa haki, kwa kadiri haki ilivyoweza kukaa katika ofisi ile. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma barua ya Tom. Aliuliza maswali mawili, na Bwana Gordon akayajibu yote mawili kwa kusema kwamba mpiga chapa hana elimu.

"Kitabu chako hakitauzwa tena hapa," Bi. Nakhungu alimwambia. "Wale kumi na mmoja watafanya mtihani Jumatatu, na nitausimamia mimi. Sitaki huyu kijana aandike huko nje kwamba tuliwauzia ndugu zake zawadi yake." Kisha akavua miwani. "Lakini stensili za chuo zilitoka getini bila ruhusa. Siwezi kulinyamazia hilo, Kageha. Idara inasema ama yeye, ama wewe. Na mkuu wa idara nitampata wapi katikati ya muhula?"

"Mpiga chapa utampata," Kageha alisema.

"Mpiga chapa nitampata."

Aliandika barua kwa mkono, hapo hapo. Alipomaliza aliitazama, akamtazama Kageha, na kwa mara ya kwanza akaona aibu. "Samahani. Hakuna mwingine wa kuipiga."

Kageha aliichukua. Katika kichumba chake alitia karatasi nzuri na karatasi mbili za kaboni, akapiga barua ya kufukuzwa kwake mwenyewe. Mstari wa tatu ulisema *kwa kosa la kuiba*. Alisimama hapo. Akatazama mashine, boksi la stensili, dirisha. Akapiga *kwa kosa la kuchukua*. Akairudisha ofisini.

"Nimebadilisha neno moja," alisema. "Ukitaka lile la kwanza, lipige mwenyewe."

Bi. Nakhungu alisoma, akafika mahali pale, akatia sahihi.

Alhamisi nzima Kageha alilala akitazama mabati. Aliwaza maneno ambayo angemwambia Bwana Gordon, na kila neno lilikuwa kali kuliko lililotangulia, na yote yalikuwa yamechelewa. Ijumaa asubuhi alichukua kitabu kimoja, akatembea mpaka Dunga.

Ufuo haukuonekana. Magugu yalianzia pale nchi ilipokoma, yakaenda mpaka jicho lilipochoka, maua yake ya zambarau yakichezacheza kana kwamba yamealikwa. Wanawake kama kumi walikuwa majini mpaka mapajani, wakiyakata kwa panga na kuyavuta ufuoni kwa reki, wakijaribu kufungua kijia cha kupitisha mashua moja. Mmoja wao alimwona, akaegemea reki yake.

"Unatafuta nani, Mama?"

"Lornah. Mimi natoka chuoni. Nilikuwa natoka chuoni."

"Mimi ni Benta, mama yake." Alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Ni wewe wa mashine?"

"Ni mimi."

Benta hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alinyoosha kidole. Lornah alikuwa ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, na magotini alikuwa tayari na kitabu. Nyuma ya ukurasa uliofunuliwa tai ya mgombea ilionekana. Mtu alikuwa amemletea.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Kageha alisema.

Lornah alifunua ukurasa mwingine. "Jumatatu nina mtihani, Mama. Hiyo nyingine itangoja." Akaulaza ukurasa kwa kiganja. "Madaftari yangu nilikuwa nimeandika mwezi mzima."

"Najua. Niliyaona yakiungua."

Upepo ulivuma kutoka upande wa magugu, wenye harufu ya majani yaliyooza. Lornah alisogea kidogo kwenye mashua, nafasi ya mtu mmoja ikabaki. Alimpa Kageha kitabu bila kumtazama. "Basi niulize. Chagua popote."

Kageha aliketi. Hakukifungua kitabu, alikiweka mapajani, vidole vikianza vyenyewe kugusagusa jalada, na maswali yakaja jinsi yalivyokuwa yamepangwa kitabuni. Aliuliza kwa sauti kubwa, ili ishinde mlio wa panga majini.

"Taja mahali ambapo kichocho cha tumbo huishi kabla ya kuingia kwa mtu."

"Kwa konokono wa maji."

"Konokono hao hupenda kukaa wapi?"

"Ufuoni, maji isiyoenda mbio. Kwa majani. Kwa mizizi ya magugu."

Panga moja iliacha kukata. Halafu nyingine.

"Huingia mwilini kwa njia gani?"

"Kwa ngozi. Mtu akisimama majini, wanapita kwa ngozi, hasikii kitu."

"Nyathina, mwanangu," mwanamke mmoja akaita kutoka majini. Alikuwa ameshika fungu la magugu kwa mikono miwili, mizizi myeusi ikidondosha maji juu ya mapaja yake. "Maji gani hiyo unasema? Hii?"

Lornah alinyanyua uso. Wanawake wote walikuwa wamesimama, maji yakiwafika hapo yalipowafika, wakimtazama. Na Benta, aliyekuwa karibu zaidi, aliinua mguu mmoja polepole kutoka majini, akautazama mbele na nyuma, kama mguu wa mtu mwingine.

"Uliza tena, Mama," Benta alisema. "Hiyo ya konokono. Anza mwanzo."